Mlio wa Nyuma Kwenye Kona

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, wakati nafunga mlango. Mama alikuwa ameshakaa garini, mkoba mapajani, ananitazama kama mtu aliyekodi gari zuri akaletewa dereva asiye na leseni. Ni mama mkwe wangu. Tangu figo zake zigome, kila Jumanne na Ijumaa nampeleka hospitali ng'ambo ya kilima kusafishwa damu, kwa pikapu aliyoiacha marehemu mume wake. Mume wangu yuko kwenye kambi ya ujenzi wa bwawa, mbali, hupiga simu Jumapili. Kwa hiyo dereva ni mimi. Na kazi yangu mimi ni cherehani. Sare za shule zimerundikana sebuleni, zinanisubiri nirudi nikiwa sina mgongo.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu hospitali kuna kungoja kwingi, na benchi lao halilaliki.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi magari. Mtaa mzima unamwita Kesho, na ukimwita hivyo anaitika bila kinyongo. Wiki iliyopita alibadilisha sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, iliyokuwa inavuja, akamwaga oili mpya kwenye difu, lile dude la mviringo katikati ya ekseli ya nyuma linalogawia tairi mbili nguvu. Akajifuta mikono, akasema gari sasa ni jipya. Leo, kwenye kona ya kuingilia getini hospitali, hilo gari jipya limetoa sauti huko nyuma: gr-gr-gr-gr, kama mtu anakokota kabati kwenye sakafu ya saruji. Niliponyoosha usukani, ikaacha.

"Nini hicho?" Mama akauliza.

"Barabara."

"Barabara hailii."

Jumatano, 5 Machi

Kola. Kutwa kola tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mlio upo. Barabara ikinyooka, kimya. Ukikata kona taratibu, hasa gari likishapata moto, linaanza: gr-gr-gr, na sakafu inatetemeka mpaka visigino vinawasha. Mama amesema leo, akitazama nje, kwamba baba yao alipokuwa akiendesha gari hili halikuwahi kulia hata siku moja. Nikanyamaza. Nimejifunza kunyamaza kwa namna inayosikika.

Nimempigia Kesho. Amesema atakuja kesho.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu amepiga. Mama alizungumza naye kwanza, muda mrefu, akimwita baba, akimwuliza kama anakula, kama anajifunika vizuri usiku. Simu iliponifikia salio lilikuwa linakaribia kuisha.

"Mlio wa mbele au wa nyuma?"

"Wa nyuma. Kwenye kona."

"Basi difu imekufa hiyo. Waulizeni watu wa huko wawaambie."

Watu wa huko ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Kesho ametokea leo, na ile kesho aliyoniahidi ilikuwa Jumamosi. Alizunguka gari, akalala chini kwenye tope juu ya kipande cha boksi, akagonga hapa na pale kwa spana kama daktari anayepiga piga mgongo wa mtoto.

"Beringi," akasema.

"Una hakika?"

"Shemeji, nimezaliwa na magari."

Amebadilisha beringi zote za nyuma. Imechukua siku nzima, kwa sababu mvua ilikuwa ikija na kuondoka, na kila ilipokuja alikimbilia jikoni kwangu na kunywa chai. Nilikuwa na suruali za wavulana za kukata, nikamkatia yeye mkate.

Ijumaa, 14 Machi

Si beringi.

Jumanne, 18 Machi

Mlio umezidi. Mama ameanza kunitaka nifunge vioo tunapopita sokoni, eti watu wanatuangalia. Na kweli wanatuangalia. Kwenye mzunguko wa sokoni gari linanguruma mpaka wauza nyanya wanainua vichwa. Tumefunga vioo, joto likatubana, vioo vikajaa mvuke, nikawa naendesha huku nafuta kwa kiganja kama mtu anayeaga. Mama amekaa wima, macho mbele, kama hatumo sisi ndani ya gari hilo.

Nimechoka. Naandika hivyo tu. Leo hata sindano nimeshindwa kuipitisha uzi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepeleka gari gereji ya njia panda. Mwenye gereji alisikiliza kona moja tu, akasema difu nzima itolewe iwekwe nyingine. Kesho akaja juu, akasema huyo bwana hata chai ikiwa baridi anabadilisha birika. Wakabishana, mimi nimesimama katikati na mwavuli uliovunjika mbavu.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: naona shemeji yangu ni mtu wa maneno. Mikono yake inafanya kazi, lakini kichwa hakipo. Mama akimwona anacheka, anamwekea nyama. Mimi nikichelewa kuwasha gari anaguna.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kubwa. Tumefika, tumerudi. Mlio kama kawaida. Mama hakusema kitu, nami sikusema kitu, na gari likasema kwa niaba yetu.

Jumatano, 26 Machi

Leo kuna jambo.

Kesho alinichukua kwenda kwa muuza spea wa barabara ya chini, mzee mwenye miwani aliyeketi nyuma ya kaunta kama mtu aliyekasirishwa na vyuma vyote duniani. Kesho alitaka meno mapya ya difu. Yule mzee hakuinuka.

"Ulimwekea oili gani?"

"Namba tisini. Ileile ninayowawekea wote."

"Mkilijeki nyuma, tairi zote mbili juu, ukizungusha moja kwa mkono, jingine linaenda wapi?"

Kesho akageuka kulitazama gari nje. "Sijajaribu."

"Nenda kajaribu. Mimi sihami."

Tulijeki palepale nje ya duka, tukaweka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele. Kesho akazungusha tairi la kushoto. La kulia likazunguka nalo, upande uleule, kama limeshikwa mkono. Akarudia. Akacheka peke yake, akaniita nami nizungushe.

"Difu ya kawaida," akanieleza, "ukizungusha hivi, la pili linarudi kinyume. Hii ina klachi ndani, shemeji. Visahani vinavyobanana. Tairi moja likiteleza kwenye tope, vile visahani vinalikamata na la pili linasukuma. Ndiyo maana marehemu mzee aliipenda sana kwa kile kilima."

"Na mlio?"

Muuza spea alijibu kutoka ndani, bila kuinua kichwa. "Ukikata kona, tairi la nje linakimbia kuliko la ndani. Visahani inabidi viteleze kidogo vipishane. Mmevipa oili kavu isiyovifaa, vinashikana na kuachiana, vinashikana na kuachiana. Ndiyo kelele yenu. Difu yenyewe ni nzima. Haina ugonjwa."

Alituwekea juu ya kaunta oili ya difu za namna hiyo, na vichupa viwili vidogo vya dawa ya kuchanganya, ya kulainisha visahani. Akamwambia Kesho atie oili kwanza, aendeshe, asikilize. Ikibaki kelele ndipo atie dawa, kidogo kidogo. Kichupa cha pili tulikinunua kiwe cha akiba.

Alhamisi, 27 Machi

Kesho amemwaga oili ya zamani uani kwangu, nyeusi, inanuka kama yai bovu. Ametia mpya. Tumezunguka mtaa: mlio umepungua, lakini upo. Ametia dawa kidogo, tumezunguka tena. Umepungua tena, unasikika kwa mbali kwenye kona ya msikitini.

"Hapa panatosha," akasema. "Twende nalo hivi siku chache, litajinyoosha."

Nilikuwa nimeacha sketi kwenye cherehani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejishika nguzo, anatega sikio.

"Bado linalia," Mama akasema.

"Kidogo tu, Mama."

"Nalisikia."

Nikamgeukia Kesho. "Tia yote. Tia na hicho kingine. Sitaki kusikia hata sauti moja kutoka kwenye gari hili."

Akanitazama, akamtazama mama yake, akatia.

Ijumaa, 28 Machi

Kimya. Kimya kabisa. Tumepita sokoni vioo wazi. Mama amelala njiani, mdomo wazi kidogo, kichwa kimegusa bega langu kwenye kona na sikukisogeza. Nimemtumia Kesho ujumbe wa shukrani, wa kwanza tangu niolewe kwenye nyumba hii.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto gari limesitasita kupanda, nyuma ikapiga mkia. Nimeongeza moto, likapanda. Gari kimya kama kanisa.

Jumapili, 6 Aprili

Mume wangu amepiga. Amefurahi kwamba difu imepona. "Si niliwaambia ilikuwa difu?"

Jumanne, 8 Aprili

Mteremko wa machimbo tena. Safari hii nililazimika kurudi nyuma na kuupanda kwa kasi. Mama alishika mkono wa mlango kwa mikono miwili. Nililaumu tairi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikuandika tangu Jumanne. Naandika sasa, nimeketi kwenye kiti cha plastiki wodini, Mama amelala. Niandike yote, labda yatatoka kichwani.

Ijumaa ilinyesha tangu alfajiri. Tulitoka mapema kuliko kawaida kwa sababu niliuogopa mteremko. Njia pale machimboni ilikuwa imechimbwa na malori, tope jekundu, laini kama unga uliokandwa. Nilipanda kwa kasi. Katikati, nyuma ikateleza ikaelekea kushoto, gari likasimama. Nikakanyaga mafuta. Injini ikalia, gari halikusogea hata unyayo.

Nikatazama kioo cha pembeni cha kushoto. Tairi la kushoto lilikuwa linazunguka kama feni, linarusha tope mpaka kwenye kioo cha nyuma. Nikatoa kichwa dirishani upande wangu wa kulia, mguu bado kwenye mafuta. La kulia limekaa juu ya kokoto ngumu, mahali pazuri kabisa, na limetulia. Halikuzunguka hata kidogo. Limesimama kama mtu anayengoja kuitwa.

Nilitia mawe. Nilitia matawi. Nilitoa kapeti za garini nikazitandika mbele ya tairi, likazimeza moja baada ya nyingine. Simu haikushika mtandao. Viatu viliniishia kwenye tope nikaendelea peku. Niliporudi mlangoni nikakuta Mama amefungua, mguu mmoja tayari uko nje.

"Unakwenda wapi?"

"Nipunguze uzito."

Mama hana uzito. Nimemwogesha, najua. Ukimnyanyua unadhani umenyanyua nguo zilizoanuliwa. Nikamwambia, "Mama, rudi ndani," naye akasema, "Usinifokee," nami sikuwa nimefoka, au nilikuwa nimefoka. Nikamkalisha, nikamfunga mkanda, nikarudi nyuma ya gari nikalia kidogo pale ambapo hanioni.

Trekta la machimbo lilikuja baadaye sana. Dereva wake hakuuliza kitu, alifunga mnyororo akatuvuta mpaka juu, akapunga mkono akaondoka. Mpaka leo sijui hata sura yake, alikuwa amejifunika mfuko wa nailoni.

Hospitali, mashine zilikuwa zimejaa. Nesi ni mtu mwema, alimshika Mama mkono wakati akituambia.

"Nafasi yenu nimempa mwingine, mama. Nilingoja, nikangoja. Sasa wote wameshaungwa."

"Na sisi?"

"Kesho asubuhi, mtu wa kwanza. Msirudi nyumbani kwa mvua hii. Na asinywe maji, hata tone."

Tukakaa. Mama aliomba maji mara ngapi sijui. Miguu yake ilivimba mpaka alama ya soksi ikabaki kama mfereji. Alfajiri akaanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi, na akiwa amekaa. Wakaja mbio, wakampa hewa ya mtungi, wakasema maji yamepanda mapafuni. Niliachwa na mkoba wake mkononi na kiatu chake kimoja.

Kesho alifika Jumamosi kwa pikipiki ya kukodi, amelowa chapachapa. Alisimama mbele yangu, akauliza tumekwama vipi. Nikamwambia.

"Tairi gani lilizunguka?"

"Mama yako yuko ndani ana mpira puani, unaniuliza tairi?"

"Niambie tu, shemeji."

"La kushoto. La kulia lilisimama."

Akakaa sakafuni, si kwenye benchi.

"Ni ile dawa," akasema mwisho. "Ile dawa inavifanya visahani viteleze. Kidogo, kona inakuwa laini. Nyingi, havishikani tena kabisa. Nimeifanya difu ya marehemu mzee iwe kama ya gari lolote. Vichupa viwili! Nilijua ni vingi, nikatia."

"Kwa nini ulitia kama ulijua?"

"Ulisema hutaki kusikia hata sauti moja."

Yaliyonitoka baada ya hapo sitayaandika. Yalikuwa mengi, na mengine hayakuhusu gari. Watu waligeuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaondoka na mvua yake.

Mama amesafishwa Jumamosi, na jana tena. Anapumua vizuri. Amedhoofu.

Jumanne, 15 Aprili

Mama ameamka na akili zake zote.

"Ulimwambia nini mwanangu?"

Nikashangaa. Kumbe maneno yangu yalipita ukuta.

"Nilikuwa nimechoka, Mama."

"Najua umechoka. Nimekuuliza ulimwambia nini." Kisha hakungoja jibu. "Nani aliyekuwa anasema gari linalia? Nani aliyekuwa anafungisha vioo? Si yeye. Wala si wewe."

Nikamwambia mlio ule ulimkera kila mtu.

"Haukunikera," akasema. "Nilikuwa naona haya. Tukifika sokoni, gari likianza, watu wanainua vichwa, wanasema yule mgonjwa ndiye huyo anapita. Nilikuwa namwona mmoja anamnong'oneza mwenzake. Nilitaka tupite kama watu wengine tu."

Wiki zote hizo nimekaa naye bega kwa bega, nikidhani ananiona dereva mbovu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudi nyumbani kuoga na kufua. Kesho alikuwa uani, ameshalijeki gari, amemwaga oili yote. Hakuniangalia. Nikamletea chai. Akapokea.

"Nilikosea kukwambia yale," nikasema.

"Mengine yalikuwa kweli."

"Hayo ndiyo niliyokosea zaidi."

Akacheka puani. Basi, yakaisha hivyo, kwa kadiri yanavyoweza kuisha.

Aliisuuza difu kwa oili nyepesi, akaimwaga, akasuuza tena, kwa sababu dawa huganda kwenye visahani. Tukaenda wote kwa muuza spea. Safari hii Kesho aliuliza na mimi nikauliza. Kumbe kopo tulilonunua mwanzo lilikuwa tayari limechanganywa dawa kiwandani, na sisi tukaongeza juu yake vichupa viwili. Lipo jingine lisilo na kitu, ambalo unalitia dawa mwenyewe.

"Lipi bora?" nikauliza.

Mzee akavua miwani. "Bora kwa nani? Anayekaa mjini kwenye lami atake kimya. Wewe unapanda kilima cha tope na mgonjwa."

Kesho aligeuza makopo yote mawili mkononi. Nilimwona anafikiri, na nikagundua kwamba uso wake akifikiri unafanana na wa mama yake akitega sikio. Akachukua lisilo na kitu. "Nitaipima mwenyewe," akasema. "Nijue nimetia nini."

Ijumaa, 18 Aprili

Mashine leo Mama amewekwa mapema, nesi akanifukuza nikapumzike. Sikupumzika. Tulikwenda uwanja wa mpira, hauna mtu wakati huu wa mvua. Kesho alipanda nyuma, akalala kifudifudi kwenye bodi ya pikapu, sikio chini, koti kichwani. Mimi nikaendesha namba nane. Nane, nane, nane, taratibu, usukani umekatwa mpaka mwisho. Bila dawa gari lilinguruma kama siku ile getini. Akagonga bodi, nikasimama, akashuka, akaingia chini, akatia dawa kwa bomba la sindano alilopewa na nesi, akapanda, akalala. Nane tena. Wapita njia walisimama kutazama mwanamke anayemzungusha maiti uwanjani.

Mlio ukawa wa kukoroma. Kisha ukawa wa kunong'ona. Kisha ukabaki kwenye kona ile kali kabisa tu, mguno mfupi, ukakata.

"Hapa," akapiga kelele toka nyuma. "Simama hapo."

"Bado nausikia."

"Na mimi nausikia. Uache."

Kisha tukalipeleka kwenye mfereji wa pembeni ya uwanja, tairi la kushoto ndani ya tope, la kulia kwenye majani. Nikaachia klachi taratibu. La kushoto likateleza nusu mzunguko, nikasikia kitu kikikaza huko nyuma, na gari likatoka kama mtu anayeinuka kitini. Kesho alikuwa amesimama, tope lote la mfereji ule limemrukia usoni. Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, nikakumbuka sijacheka tangu Februari.

Jumanne, 22 Aprili

Mama ametolewa. Tumepanda mteremko wa machimbo kwa upande wa pili, mvua inanyesha, bila kusimama. Kwenye mzunguko wa sokoni gari limeguna mara moja. Nilimtazama Mama. Alishusha kioo chake mpaka chini, akamsalimia muuza nyanya kwa jina la mwanawe mkubwa, akamwuliza bei, hakununua.

Jumatano, 23 Aprili

Vifungo.

Jumapili, 27 Aprili

Mume wangu alipiga. Nilikuwa nashona, Mama akapokea, akaweka sauti ya juu kwa sababu masikio yake yanazibaziba. Nikamsikia mume wangu akiuliza kwa nini gari bado linaguna, alisikia kwa Kesho. Akasema tulipaswa kuongeza dawa, au tuliuze tu.

"Baba," Mama akasema, "ulipata habari kwamba nilikaribia kufa?"

"Nilipata, Mama. Nilipiga."

"Ulipiga. Mke wako alikuwa peku kwenye tope. Huyu mtoto hana miguu, hana mgongo, anashona huku anasinzia, juzi kajishona kidole. Nami nimekaa pembeni yake namhesabia makosa ya kuendesha. Sasa sikiliza. Omba likizo. Ukinyimwa, omba uhamisho. Ukinyimwa, rudi hivyo hivyo."

"Mama, kazi huku..."

"Njoo uendeshe. Mke wako amechoka."

Nilikanyaga cherehani ikaenda yenyewe, ikashona mfuko ukafungwa kabisa juu. Ilinibidi niufumue. Sikuona uzi vizuri kwa sababu ya macho.

Ijumaa, 2 Mei

Kesho ametupeleka leo. Hakuambiwa na mtu, alifika tu asubuhi amevaa shati safi. Nilikaa nyuma. Anaendesha vibaya kuliko mimi, na Mama amemwambia hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua inapungua. Inakuja jioni inajikohoza inaondoka. Mama anakula kidogo. Nesi anasema tusitegemee arudi kama zamani, na Mama amemjibu kwamba zamani pia hakuwa mzuri sana.

Jumamosi, 17 Mei

Mume wangu amefika. Amekonda, ana ndevu. Amepewa likizo ndefu, na barua ya uhamisho inajadiliwa. Sijui kama nimefurahi. Nimepokea begi lake, zito, nikaliweka chini nikasahau kulitoa mlangoni, kila mtu akawa analiruka.

Jumanne, 20 Mei

Leo wamekwenda wao wawili. Nilisimama mlangoni mpaka gari likapinda kona, kisha sikujua nifanye nini na Jumanne. Nilikaa kwenye cherehani. Nikainuka. Nikafagia mahali palipofagiwa. Mwisho nikaingia chumbani, mchana kweupe, nikajilaza juu ya shuka bila hata kuvua kitenge.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, upande wa miguu yangu, viatu bado vimo miguuni, bandeji mpya mkononi, mkoba mapajani. Uani nilisikia mume wangu akigombana na ndoo.

"Mmefika saa ngapi?" nikainuka kwa hofu. "Umekula? Mashine ilikwendaje? Kwa nini hukuniamsha?"

"Lala." Akanisukuma mguu kwa kiganja. "Mwanangu ananiuliza tangu njiani ilikuwaje, ilikuwaje. Nimemwambia angoje, nitamwambia mke wake kwanza."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Muda wa kutosha. Unakoroma." Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavisukuma chini ya kitanda changu kama mtu aliye kwake. "Haya. Nianzie wapi? Yule nesi ameposwa."

Nikasogea ukutani kumpa nafasi.